Sauti ya Darasa la Tano

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwaka 2010, saa tatu asubuhi, Conjesta alikuwa kwenye ukumbi wa parokia Tunduma akimpima kifua dereva wa malori. Dereva huyo, Balthazar, alikuwa na miaka arobaini na sita na kitambi, na alihitaji shati jeupe la mwanafunzi. Nyuma yake watu wazima kumi na mmoja walisubiri kupimwa kaptula na sketi za bluu. Watoto walikaa kwenye mabenchi ya mbele. Wao walitakiwa kushonewa magauni na shela za kitawa.

Hayo yalikuwa mawazo ya Mwalimu Raphaeli wa kwaya. Shule ya bweni ya masista iliyoko huko vilimani ilikuwa inatimiza miaka hamsini, naye aliombwa atunge mchezo wa kuchekesha, wenye nyimbo, kuhusu maisha ya pale. Akaamua watu wazima waliosoma pale wawe wanafunzi, na watoto wawe masista. Alisema mtoto wa miaka kumi akimchapa viboko baba mwenye ndevu, hata askofu atacheka.

Conjesta naye alisoma pale, lakini hakuja kuigiza. Alikuwa fundi cherehani jirani na soko. Wateja wake, pamoja na wanawake waliovuka mpaka kutoka Nakonde kuleta vitenge, walishazoea kumsogezea sikio, maana hakuwa na sauti. Alikuwa na pumzi na midomo tu. Sauti yenyewe ilichukuliwa mwaka 1988, akiwa darasa la tano.

Kilugha kilikuwa marufuku shuleni. Siku hiyo Conjesta alikuwa bombani akifua mashuka, akajisahau, akaimba wimbo wa Kinyiha ambao mama yake aliuimba wakipalilia ulezi kijijini kwao Ruanda. Sista Fides, mwalimu mkuu, alimsikia. Alimwita ofisini, akamwambia afungue mdomo, akaitoa sauti, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye kabati la vitu vilivyokamatwa, kati ya redio ya mtoto wa diwani na chupa mbili za mafuta ya nywele. Baba yake Conjesta alipopata habari alitembea mpaka shuleni kuiomba. Sista Fides alimpa kiti, akamweleza kwamba itarudishwa binti akishajifunza adabu. Baba alishukuru, akarudi Ruanda. Redio ilirudishwa likizo ya mwezi wa sita. Conjesta alimaliza darasa la saba akinong'ona.

Mchana ilifika zamu ya kutafuta mtu wa nafasi kubwa kuliko zote, ile ya Sista Mkuu. Watoto wanne walijaribu, na sauti zao hazikufika hata kwenye dirisha la tatu. Wa tano alikuwa Roda, mjukuu wa Mzee Osea. Mzee huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jubilei, na Sista Fides alikuwa dada yake. Roda alisimama, akaunganisha mikono mgongoni, akaimba.

Conjesta alikuwa na pini mdomoni. Aliitambua sauti yake papo hapo, kama mtu anavyoitambua khanga yake kwenye kamba ya jirani. Ilikuwa imepanuka kidogo, lakini kwenye noti za juu ilikuwa bado na ule mkwaruzo ilioupata alipougua surua. Alitema pini kiganjani. 

Mwalimu Raphaeli alishaandika jina la Roda. Conjesta alifungua daftari la vipimo, akaandika kwamba sauti ile ni yake, akampa asome. Mwalimu alisoma, akasema hilo ni suala la kamati, akamwita Mzee Osea.

Mzee Osea hakubisha. Alieleza kwa upole kwamba Roda alizaliwa bila sauti; alikuwa akilia, machozi yanatoka, lakini hasikiki. Mwaka huo Sista Fides alikuwa anastaafu. Aliposafisha kabati lake alikuta sauti imekaa miaka kumi na miwili bila mwenyewe kuidai, akaileta siku ya ubatizo pamoja na shali.

"Ilidaiwa," alinong'ona Conjesta. "Baba yangu aliifuata."

"Hakuacha barua," alisema Mzee Osea.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa, na Sista Fides aliletwa kutoka nyumba ya masista wazee. Conjesta alimwamkia, akaitikiwa marahaba na mtu asiyemkumbuka. Alipokumbushwa habari ya bombani, Sista alifurahi. Alisema ile sauti ilikuwa nzuri, na yeye siku zote alijua itakuja kufaa. Conjesta aliomba jambo moja tu: Sista aseme mbele ya watu kwamba aliichukua, na kwamba alikosea.

"Mwanangu, mimi nilikutunzia," alisema Sista Fides. "Ningekuachia ungeimalizia shambani."

Kuhusu sauti yenyewe, kamati iliona kwamba kumwacha mtoto bubu wiki tatu kabla ya jubilei lisingekuwa jambo la busara. Ili Conjesta asiondoke mikono mitupu, alipewa nafasi ya mwanafunzi. Mwalimu Raphaeli alivutiwa sana na kisa hicho, akakitungia onyesho: mwanafunzi anapiga magoti, anafungua mdomo, na Sista Mkuu anamvuta sauti, utepe mwekundu mrefu kama mita nne. Utepe wenyewe alitakiwa aununue Conjesta.

Alikuwa amekusudia kukataa. Lakini kesho yake jioni Roda alikuja peke yake mpaka kwenye cherehani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kwa miaka ishirini na miwili Conjesta hakuwa ameisikia ikisema naye. Alisimamisha cherehani. Roda alieleza kwamba wakati mwingine, akiosha vyombo, sauti huanza kuimba maneno asiyoyajua, na nyumbani wanamwambia anyamaze. Alitaka kujua inasema nini. Conjesta alimnong'oneza maana, mstari kwa mstari: magugu, ulezi, mvua iliyochelewa, mgongo wa mama. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kama mama anaitaka, aichukue, akafungua mdomo.

Conjesta aliinama kutazama. Iliwezekana. Ilikuwa pale pale, nyuma ya jino lililokuwa linalegea, na vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi.

"Funga mdomo, mwanangu," alinong'ona. "Nenda nyumbani."

Usiku huo hakulala. Asubuhi alimtumia Mwalimu Raphaeli ujumbe kwamba ataigiza. Alijua Sista Fides atakaa kiti cha mbele.

Na siku ya jubilei alikaa hapo. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu walimcheka Balthazar na kaptula yake, walizicheka nyimbo za uji wenye wadudu na za kuamshwa kwa maji ya baridi. Kisha Roda akatoka, shela imemkaa sawasawa, akamnyooshea Conjesta rula.

"Piga magoti."

Conjesta alibaki amesimama. Roda alirudia, maana ndivyo alivyofundishwa. Kwa hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe inayomwamuru, mara ya pili, mara ya tatu, na ukumbi ukaanza kucheka. Conjesta alimpita mtoto, akasogea mpaka ukingo wa jukwaa, akamtazama Sista Fides machoni. Akamwambia yote: mwaka, bomba, kitambaa, kabati, kiti alichopewa baba yake, na shukrani ambazo mzee huyo alitoa. Akamwambia kwamba ni mwizi. Midomo ilifanya kazi, mishipa ya shingo ilimsimama, na hakuna kilichosikika. Watu walishika mbavu. Sista Fides alivua miwani, akafuta machozi ya kicheko.

Baada ya pazia kufungwa Mwalimu Raphaeli alikuja akimpigia makofi. Alisema hajawahi kuona kitu cha kuchekesha namna ile, na kwamba Vwawa, ambako wangeonyesha tena baada ya wiki mbili, afanye hivyo hivyo.

Vwawa Conjesta alisimama tena, akasema tena yote, na safari hii aliongeza jina la baba yake. Walicheka mpaka benchi moja likavunjika.