Macho ya Mwalimu Laure

...na mstari huu wa tatu wa herufi ukutani pia anausoma, bila miwani, tena harakaharaka, ili huyu munganga Népomuscène ajue anapima macho ya nani, macho yaliyokaa matupu miaka miwili tangu miwani ikanyagwe siku watu walipokimbia risasi sokoni, mwezi wa kwanza alijikwaa hata kwenye kizingiti chake, wa pili ukungu ukaanza kupungua wenyewe, na leo wanafunzi wake sitini wa Musaga anawajua kwa mabega tu, anajua nani anatafuna muwa dawati la nyuma, "Macho haijapona, mwalimu," anasema munganga, "njo kichwa imezoea ukungu, inajaza yenyewe," haya, ijaze, kwani inajaza vibaya?, si ni macho haya haya yaliyomwona Sylvère wiki iliyopita, kule Zone Industrielle, ng'ambo ya barabara, kaka yake wa tumbo moja, aliyepotea wakamlilia mwaka mzima bila maiti, ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto, akamwita, lori likapita, hayupo, lakini alikuwa yeye, haki ya Mungu alikuwa yeye, akakimbia kumwambia mama, na mama, aliyekuwa aondoe matanga Jumapili ile, pombe ya mtama imeshaiva, wajomba wameitwa kutoka Carama, akaimwaga yote uani huku anacheka, mtu hai haondolewi matanga!, akamtandikia mwanawe kitanda, na shangazi Rosette eti, Laure mwenyewe haoni, mchawi mkubwa yule, anataka tuendelee kulia tu... "Na ya mwisho?" R, T, O, B, anasoma, wala hasiti, na munganga, polepole, "Apana, mwalimu. Pale niliandika namba." Namba?, anakodoa, R bado ipo, T ipo, nyeusi tii, hazitikisiki... ee Mungu wangu, ameiona R vilevile alivyomwona Sylvère, bila chembe ya shaka, na mama sasa hivi yuko nyumbani anakung'uta shuka za mtu aliyekufa, anaimba, mama ambaye hakuimba mwaka mzima, na aliyemdanganya ni yeye, Laure, mwalimu anayejua kila kitu, inauma, inauma mno, lakini ataingia leo leo, atamwambia, Mama, sikumwona, Sylvère hayupo, hatamtuma shangazi, hatamtuma padri, atamshika akianguka, kisha ataloweka mtama mwenyewe, wajomba waitwe tena, "Tujaribu miwani?" anauliza munganga, anaifuta kwa kitambaa, "Lete," anasema Laure, "nina mtu wa kuzika."