Wimbo Mdogo wa Mkia-kutu

Watu wa visiwa vyetu walimheshimu baba yangu kwa sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ya ndege. Alipokuwa kijana alipanda msituni na kinasa sauti begani, kizito kama gunia la chumvi, akarudi na wimbo wa mkia-kutu kwenye kanda, na tangu hapo hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Aliitwa Mzee Kanda akiwa hana hata unywele mmoja mweupe, naye akaupokea huo uzee wa mapema kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mkia-kutu ni ndege wetu. Huwezi kumkuta mahali pengine popote ila kwenye mlolongo huu wa visiwa. Mwili wake ni wa rangi ya majivu, mkia wake ni wa rangi ya msumari ulionyeshewa mvua. Panya waliokuja na meli walimlia mayai, wakamlia makinda, mpaka kisiwa kimoja baada ya kingine kikanyamaza. Waliobaki tulikuwa nao sisi, kwenye kituo cha kuzalishia ndege, na mlezi wao nilikuwa mimi. Kazi yangu ni kukatakata matunda, kufuga funza, kusugua vizimba, na kuwalisha makinda kwa kibano tangu hawajafumbua macho. Mikono yangu inanuka papai lililoiva kupita kiasi hata siku ya mapumziko.

Sasa, kinda wa mkia-kutu hazaliwi na wimbo. Humsikia baba yake akiimba, ndipo naye akajifunza. Sisi baba wa kuwafundisha hatukuwa naye, maana makinda wetu walitoka kwenye mayai yaliyookotwa katika viota vya mwisho msituni. Tulikuwa na kanda ya baba yangu. Basi juu ya kila sanduku la makinda tulitundika spika ndogo, ikawa inawaimbia asubuhi na jioni. Madume wote wa kituo wanaimba wimbo ule ule, kwa nguvu zote, bila kukosea hata kidogo. Wageni huja kuwasikiliza wakatoka wanajifuta machozi. Mimi machozi yangu yalikwisha zamani. Nyumbani kwetu tulikula kwa kunong'ona ili baba asikilize kanda yake vizuri, na mama alizoea kusema kwa utani kwamba yeye ameolewa ukewenza na ndege.

Tulichokosa ni jike. Mayai yalitoa madume kwa madume, na majike wachache walioanguliwa walikufa wangali vipara. Tulikuwa tumeanza kukata tamaa pale watu wa misitu walipomwona jike mmoja, mzima kabisa, kwenye kisiwa cha mwisho kule mkiani mwa mlolongo. Wakamnasa kwa wavu, wakatuletea.

Mkuu wa kituo hakulala kwa furaha. Ni mtu mwema, lakini anapenda kamera kupita kiasi. Papo hapo akapanga sherehe: ukumbi wa kituo upewe jina la baba yangu, na wageni waonyeshwe dume na jike wakiwa pamoja. Jike akawekwa kwenye kizimba kilichopakana na cha dume wetu hodari kuliko wote, wakitenganishwa na waya tu, ili wazoeane kwanza.

Dume alipomwona akajaza kifua, akaimba. Jike akajibana tawini, kisha akaruka kwenda kona ya mbali na kuanza kujipigiza kwenye waya. Nikasema moyoni ni ugeni, atatulia. Jioni dume akaimba tena, naye akajipigiza tena. Dume akinyamaza, jike alishuka, akala, na hata kumsogelea dume kwa hatua za kuibia. Dume akifungua mdomo tu, alirudi konani. Nikaona hamwogopi dume. Anaogopa wimbo.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda nyumbani. Nilimkuta baba sebuleni akijaribu koti la sherehe, mama akimvuta mikono ya koti ili limkae. Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke, maana kucheka ndiyo dawa yake kwa kila jambo ninalosema. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti na koti lake, akaniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba jike anakimbilia mbali.

Kisha akanieleza jinsi walivyofanya kazi enzi hizo, yeye na wenzake wa kunasa sauti, ambao sasa wote ni marehemu. Mkia-kutu ni mwenye haya, anaimba akiwa amejificha majanini. Ukitaka kumnasa vizuri, unapiga mluzi kama dume mwenzake aliyekuja kumwibia eneo. Anatoka mbio amevimba, anakaa karibu na uso wako, anaimba kwa hasira mpaka tawi linatikisika. Hapo unabonyeza.

"Ule ni wa ugomvi," alisema. "Anamfukuza mwenzake. Wa kumwimbia jike ni mwingine, mdogo sana. Usipokaa chini ya mti ukabana pumzi, huusikii. Mashine haikuushika."

"Na ulijua miaka yote hii, baba?"

"Waliniomba wimbo. Nikawapa wimbo."

Makinda wote niliowalea kwa kibano, kundi kwa kundi, tuliwafundisha matusi tukidhani tunawafundisha mapenzi. Lakini sikuwa nimekuja kugombana. Nilimuuliza kama anaukumbuka ule mdogo. Akasema anaukumbuka wote. Nikamwomba twende naye kesho yake asubuhi. Ampigie jike mluzi ule, mimi niunase, tuwafundishe makinda upya. Katika watu wote walio hai, masikio yaliyousikia ule wimbo ni yake peke yake.

Akatazama mikono ya koti lake.

"Sherehe ipite kwanza, mwanangu," alisema. "Nikija kabla, wataniuliza wimbo huu umetoka wapi. Nitawajibu nini?"

Nikambembeleza kama mtoto anayembembeleza mzazi asisafiri. Nikamwambia jike hatafika hiyo siku ya sherehe. Mama akaingilia, akamwambia, "Mzee, nenda na mwanao." Baba akamjibu kwamba koti linabana mabegani, na kwamba fundi amemharibia kitambaa. Mama akanisindikiza mlangoni. Yeye mambo ya mumewe alishayanawia mikono kitambo.

Kesho yake nikaingia ofisini kwa mkuu, nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akachukua simu, akampigia baba hapo hapo, sauti ya simu ikiwa wazi ili nami nisikie. Akamuuliza kwa upole kama kuna wimbo mwingine. Halafu nikakisikia kile kicheko, kile nilichokikosa nyumbani.

"Msimsikilize sana," baba alisema. "Huyu binti yangu ana kinyongo na mimi tangu utotoni. Mkia-kutu ana wimbo mmoja, nao mnao."

Mkuu akaweka simu chini na kunitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kama angenitukana. Alisema anaelewa, hata yeye na marehemu baba yake hawakuwahi kuelewana. Alisema ndege watazoeana, nisiwatenganishe, maana wageni wanakuja kuwaona pamoja. Kinyongo nilikuwa nacho kweli. Ndiyo maana uongo wake ulinikaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyangu.

Nikatundika shuka kwenye ule waya wa katikati. Mkuu akaliondoa. Nikamlisha dume matunda mengi mno ili ashibe alale asiimbe. Akaimba akiwa ameshiba. Jike akaacha kula. Nilimkamata kila siku kumpaka dawa kwenye paji la uso, ambapo manyoya yalikuwa yamekwisha na ngozi imechubuka, na kila nilipomshika mapigo ya moyo wake yalikuwa mtetemo mmoja usiokatika. Nilimnong'oneza uongo wote ninaoujua. Nilimwambia anakuja mtu wa kumwimbia vizuri.

Alikufa asubuhi, kesho yake ikiwa ndiyo sherehe. Nilimkuta sakafuni, konani mwake, mkia wake umetandazika kama feni ndogo. Mkuu alikuja, akachutama, akajishika kichwa, na kwa dakika ile nilimwonea huruma kwa dhati. Kisha akasimama na kusema wageni wameshaalikwa, hatuwezi kurudi nyuma. Tufunike kizimba, tuseme jike anapumzika, tutatangaza watu wakishaondoka. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka kuwaambia ukweli watu wasioutaka. Nikamfunga jike kwenye kitambaa safi, nikamweka kwenye jokofu la dawa.

Sherehe ilikwenda vizuri, kama mambo ya uongo yanavyokwenda siku zote. Baba alipendeza kwenye koti lake. Mkuu alisoma hotuba, akavuta pazia, jina la baba likaonekana ukutani kwa herufi za shaba. Dume akaletwa mbele katika tundu la mkononi, akaimba kwa ukali wote aliofundishwa, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Baba alifumba macho. Mama alikuwa kiti cha pembeni akitazama mikono yake.

Makofi yalimlainisha. Watu walipotoka kwenda kwenye vinywaji, alinifuata nilipokuwa namrudisha dume kizimbani kwake. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa nikifundishwa kuvuka barabara.

"Nilikuahidi," alisema. "Sherehe imepita. Nipeleke kwake."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Sikumwambia. Nilimpeleka mpaka mbele ya kizimba kilichofunikwa, nikamwambia jike anaogopa watu, apige tu mluzi nje ya kitambaa. Akapiga magoti taratibu, kwanza moja, kisha jingine, suruali yake mpya juu ya maji niliyomwagia sakafu. Akalamba midomo, akapiga.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Ulikuwa mdogo, hauzidi pumzi ya mtu anayepoza chai, unashuka, unasita, unapanda tena kama mtu anayeuliza jambo na hana haraka ya kujibiwa. Hakuna tone la ugomvi ndani yake. Dume kwenye kizimba cha pili aliacha kurukaruka, akainamisha kichwa upande mmoja na kusikiliza. Baba akaurudia. Midomo yake ilikuwa inatetemeka na shingo imemtoka mishipa, na bado ule wimbo ulitoka laini. Kumbe alikuwa nao ndani miaka yote, ameketi nao mezani nasi tukinong'ona, na hakumpigia mtu yeyote. Nilimchukia mpaka nikahisi ladha yake mdomoni, na papo hapo nilitaka aupige tena.

Akaupiga tena. Nilimwacha amalize mpaka mwisho.

"Mbona hasogei?" aliuliza.

Nikavuta kitambaa. Kulikuwa na tawi, bakuli la maji, na kipande cha papai ambacho hakikuguswa.

"Alikufa jana asubuhi, baba."

Alikaa vile vile, magoti kwenye maji, akitazama tawi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu yake, na nilikuwa na maneno tele ya kumjibu. Ningeweza hata kuyavumilia machozi yake. Alinigeukia polepole, uso wake una kitu kama aibu, nikadhani sasa hatimaye baba yangu atakiri.

"Ulinasa?" aliuliza.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ningenasa kwa ajili ya nani.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa. Akashika waya, akajivuta kusimama mwenyewe, maana sikumpa mkono. Huko nje walikuwa wanamwita, Mzee Kanda, Mzee Kanda, mpiga picha anakusubiri. Akajipangusa magoti, akaenda kupigwa picha.