Waliokuja Kunipa Pole

Kwetu mtu mzima hasafiri hivi hivi. Tunasafiri kwenda kuzika, kuozesha, au kumalizia nyumba ambayo fundi ameikimbia. Kwa hiyo nilipomwomba Joan ashike zamu yangu ya kupika chai ya ushirika, naye akaniuliza kama kuko sawa nyumbani, ningemjibu kama mtu mwenye akili. Badala yake nilimwambia, "Ni safari tu. Nitawaeleza nikirudi." Nilidhani nimekata umbea. Kumbe nimewatangazia kifo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefikisha miaka hamsini na hakuna aliyejua. Sikuwa nimesema, lakini nilinuna vilevile. Mimi Chepkemoi ni mtu wa kununa kwanza, kuulizwa baadaye. Ushirika wetu wa sala wa Wakenya hukutana nyumba kwa nyumba, na nyumba yangu ya chumba kimoja hapa Richfield, ughaibuni, ilikuwa imerukwa miaka yote, ati wasinisumbue. Basi nikatazama kalenda ukutani kazini, kwenye makao ya wazee ninakofanya unesi, nikaona picha ya hifadhi fulani ya pwani, kusini mwa Uhispania, bahari ya Mediterania imetulia chini ya majabali. Nikasema nitaenda huko, na asiulizwe mtu.

Nilifika. Jabali ni jeusi, la volkano, limeshuka mpaka majini, na kati ya mwamba na mwamba kuna vifuko vya mchanga ambavyo huvifikii ila kwa miguu. Nilipanda na kushuka njia za mbuzi huku magoti yakinilaani. Maji yalikuwa maangavu hata nikaona majani marefu yakiyumba chini kabisa. Kando ya njia kulikuwa na miti mifupi ya jamii ya mikindu, iliyokataa kurefuka kwa ajili ya upepo, na harufu ya majani makavu yaliyopigwa na jua. Nilifurahi, sitadanganya. Kwa muda wa asubuhi nzima nilikuwa mtu aliyekwenda mbali.

Halafu nikavuka kilima nikakuta mkonge. Shamba zima, mistari kwa mistari, lililotelekezwa zamani, mingine imetoa milingoti yake na kukauka ikiwa imesimama. Mimi nimezaliwa Mogotio, kule Baringo. Mkonge ndio uliomlisha baba yangu. Nikaharakisha nipite. Chini ya kilima kulikuwa na mabwawa ya chumvi, na ndani ya mabwawa, flamingo. Wamesimama kwa mguu mmoja mmoja, waridi kabisa, kama walivyosimama kwenye ziwa letu la Bogoria tulipopelekwa na shule. Nimevuka bahari kwenda kuona kitu kigeni, nikaonyeshwa nyumbani, ila watu wake wametolewa.

Nikakaa juu ya jiwe. Nilitaka kumwambia mtu, "Ona hawa wajinga wamenifuata mpaka huku." Nilifungua simu nikapitia majina yote, nikaona kila mmoja ningelazimika kumweleza kwanza niko wapi na kwa nini. Nikaifunga. Nilipiga picha nyingi siku hiyo na mimi simo hata kwenye moja.

Jumamosi niliyorudi nilimwandikia Joan kwamba nimefika. Sijamaliza kufungua sanduku, kengele ikalia. Alikuwa Joan mwenyewe amebeba sufuria iliyofungwa blanketi, nyuma yake Maurice mwenyekiti wetu, mkewe Serah na chupa mbili za chai, na Tulia, Mtanzania anayesali nasi. Walivua viatu mlangoni, nikaviona vimejaa pale ambapo huwa kuna pea yangu tu. Joan akaweka sufuria chini, akanikumbatia, hakuniachilia.

Kutwa mikono yangu inagusa watu. Nawageuza, nawaosha, nawavisha soksi. Mimi sikumbuki mara ya mwisho kuguswa. Nililia kwenye bega la Joan mpaka koti lake likalowa, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuamini.

Maurice alipoomba faraja kwa familia ya marehemu ndipo nilipoelewa. Ningesema pale pale. Lakini Joan alikuwa jikoni anafungua makabati na kuuliza chumvi iko wapi, Serah anakunja nguo zangu zilizokuwa kitini, na nyumba ilikuwa na kelele za watu. Nikala chapati. Nikaanza hata kuwaza mjomba gani angefaa kuwa marehemu, kuna mmoja aliyekufa kitambo na hakuna anayemjua huku.

Tulia ndiye aliyesogea akanishika mkono. "Pole sana, dada," akasema. "Umempoteza nani?"

Mjomba alikuwa tayari mdomoni. Nikashindwa. "Hakuna aliyekufa," nikasema. "Nilienda kutembea tu. Uhispania."

Maurice akaniuliza nilitembea na nani, nikamjibu peke yangu. Kisha Serah akaangua kicheko, na wote wakamfuata, hata mimi. Waliitaka simu, ikazunguka mkono kwa mkono. Maurice akaona mkonge na flamingo, akasema nimenunua tiketi ya ndege kwenda Baringo. Tulicheka sana. Sijacheka hivyo tangu nihamie jimbo hili.

Lakini kicheko kina mwisho wake. Kwenye matanga mtu haangalii saa. Kwenye mzaha, huangalia. Serah akakumbuka ana kazi alfajiri. Maurice akakumbuka barafu barabarani. Tulia akanipa pole ya uchovu, akanibusu shavuni. Wakavaa viatu.

Joan alibaki nyuma kuosha sufuria yake. Alipoinua mkoba wake kochini nikaona gauni la kulalia limekunjwa vizuri ndani, na mswaki juu yake. Kwetu mfiwa halazwi peke yake. Aliona nimeona, akacheka kidogo.

"Nilikuwa nime-plan kulala hapa mpaka Jumatatu," akasema. "Nika-swap shift na kila kitu. Next time sema tu ni holiday, mami. Tungekuacha u-rest."

Nilitaka kumwambia alale. Neno lenyewe ni fupi. Mimi niliyejibizana na madaktari, niliyemfukuza mume, nikasimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Sasa si uko sawa?" akauliza.

"Niko sawa," nikasema, nikamfungulia mlango.