Kufuli la Mhariri Mkuu

Mwaka wa 1999 mimi, Nthiga, ndiye pekee katika ofisi yetu ya Embu niliyejua kuunganisha kompyuta na laini ya simu, na kichwa kilikuwa kimenivimba ipasavyo. Chama chetu cha wakulima wa viazi kilikuwa na tovuti, imewekwa kwenye mitambo ya Nairobi. Kiende wa ofisi ya Meru aliihariri kutoka kwake, nami kutoka kwangu. Mmoja akihifadhi kazi yake, ya mwenzake inafutika. Tulilaumiana mwezi mzima.

Ndipo nikaleta utaratibu mpya wa kimataifa wa kuhariri faili kutoka mbali: anayefungua ukurasa anautia kufuli, mwingine angoje hadi auachilie. Nilimhutubia Kiende kwa simu karibu saa nzima. Ni kama kuacha mtungi kwenye foleni ya maji, nilimwambia. Sikukumbuka kwamba pale bombani mtungi wa mtu aliyetoweka husukumwa kando. Utaratibu wenyewe uliruhusu kufuli liwekewe muda wa kufunguka. Langu sikuliwekea, kwa kuwa mkubwa hapangiwi saa.

Ijumaa mchana nilitia kufuli ukurasa wa mauzo, laini ya simu ikakatika kabla sijauachilia, nami nikaenda zangu nyumbani Kianjokoma. Kufuli likabaki Nairobi.

Jumatatu simu ililia kabla sijakaa.

"Nthiga, umekuwa wapi tangu Friday? Hiyo page inaniambia tu imefungwa na Nthiga, imefungwa na Nthiga!"

Mnunuzi mkubwa alikuwa achague wauzaji kwenye ukurasa ule Jumamosi saa sita. Kiende alikuwa ameniambia mwenyewe mapema wiki ile. Mama yake, kule Kibirichia, alikuwa ameshachimba viazi vyote, magunia arobaini, akingoja binti avitangaze. Lori la mnunuzi lilienda kwingine. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Pole sana, Kiende."

"Wacha pole. Ulikuwa unaandika nini ya maana hivyo?"

Uongo nilikuwa nao wa kutosha, ila niliona aibu kuongeza kosa jingine. Nikamwambia kweli: nilikuwa naongeza maneno "Mhariri Mkuu" kando ya jina langu, chini ya ukurasa.

Kisha nikamsikia akimtafsiria mtu kwa Kimeru, polepole, na sauti ya mama mzee ikajibu.

"Mama ako hapa," Kiende akasema. "Anauliza kama Mhariri Mkuu anaweza kula magunia arobaini."