Ubao Uliozaa Shelisheli

Syaman Lamuran aliposhuka ufukweni asubuhi alikuta ubao wa ubavuni mwa mashua yake mpya umechipua majani mawili. Akayang'oa, akafuta utomvu kwa kiganja, akawasubiri wenzake. Samaki wa kuruka walikuwa wameshafika, na magimbi yalikuwa yameliwa makavu, bila kitoweo, kwa muda mrefu.

Kesho yake lilitoka tawi. Syaman Pazoy, mpiga kasia wa mbele, alilalamika kwamba linamchoma mbavu.

Watu wakaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Mke wa mwenye mashua aliulizwa kama ameimwagia maji.

"Niimwagilie mashua? Nimekuwa mwehu?" akasema, akaendelea kupara samaki.

Wanaume wakachukua mikuki, wakakunja nyuso na kuifokea mizimu mpaka sauti zikakauka. Tawi likazidi kunenepa. Ndipo macho yakamgeukia Si Manoy, ambaye kila siku alikuja kukaa mbali kidogo na mashua bila kusema neno. Mtu anayenyamaza vile, walisema, ana lake jambo.

Kweli alikuwa nalo. Si Manoy alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Syaman Lamuran. Kisiwani pale mwanamume akizaa huitwa Syaman, yaani baba wa fulani, kwa jina la mtoto wake. Yeye alikuwa ameshapita thelathini na bado ni Si, kama watoto. Hakuwa na mashua, na hakuna baba aliyekuwa tayari kumwoza binti yake kwa mtu wa kuombaomba samaki. Baba yake alimwachia mshelisheli mmoja mlimani, wa kuchongea mbao za mashua, wenye alama ya ukoo wa mama wa Si Manoy: mikato miwili na upinde. Alipopanda na tezo alikuta kisiki. Baba yake mdogo alisema ni tufani. Kisiki kilikuwa na makovu ya shoka.

Msimu ukiwa katikati, tawi likazaa shelisheli. Juu ya ganda kulikuwa na mikato miwili na upinde.

"Alama hii naijua," alisema Syaman Pazoy.

"Alama hufanana," alijibu mwenye mashua. "Hata sura hufanana."

"Sura, sawa."

Tunda ni la mwenye mti, hata likidondoka shambani kwa mwingine. Hilo hakuna asiyelijua. Syaman Lamuran akaoga, akavaa kofia yake ya fedha ya sherehe, akalibeba tunda hadharani hadi kwa Si Manoy.

"Mwanangu, shelisheli lako hili."

"Na ubao, baba mdogo?"

"Ubao gani?"

"Uliolizaa."

"Huo uko mashuani. Niung'oe watu wazame? Acha roho mbaya, bwana. Kila likiiva nitakuletea zima, silambi hata utomvu. Mimi si mwizi!"

Kijiji kizima kikamsifu. Si Manoy alilichoma akala peke yake. Lilikuwa tamu, na utamu wake ulimuuma kuliko kisiki.

Tawi halikukatwa. Syaman Pazoy alijizoeza kupiga kasia akiwa ameketi upande. Syaman Lamuran alipofariki, mwanawe alirithi mashua pamoja na adabu ya baba yake, na kila msimu alimpelekea binamu yake tunda, akilishika kwa mikono miwili.

Si Manoy, mwenye mvi sasa, alilipokea na kuuliza kama samaki walikuwa wengi. Walikuwa wengi.