Ndoo ya Karatasi za Pendo

Bwana Luqmani, afisa ustawi wa jamii, alitutaka mimi na shemeji yangu Festo tulete ushahidi wa maandishi unaoonyesha ni nani amemlea Pendo. Ikithibitika kuwa ni mimi, mtoto angebaki nami Sepuka. La sivyo, angehamia Shelui kwa Festo, baba yake, ambaye kazi ya malori ilimweka mbali tangu mdogo wangu Flora alipofariki akimzaa mtoto huyo.

Festo alileta cheti cha kuzaliwa. Mimi nilileta ndoo. Kabla ya kuingia darasa la kisomo cha watu wazima sikuweza kutofautisha karatasi yenye maana na isiyo na maana. Kwa hiyo sikutupa hata moja.

Bwana Luqmani alizipanga mezani: kadi ya kliniki, bahasha za dawa zenye jina la Pendo, hati punguzo ya chandarua, picha ya kuku aliyoichora chekechea. Ghafla akacheka.

"Mama, haya ni maelezo ya dawa ya minyoo ya ng'ombe!"

"Shemeji amebeba mpaka zizi," Festo akatania.

Niliona haya, lakini nikajibu. "Ng'ombe huyo ndiye aliyemnyonyesha Pendo. Alipougua, bwana mifugo alinikataza maziwa yake mpaka dawa iishe mwilini. Nikawa napita kwa majirani na kibuyu, naomba. Kila nyumba ilinikamulia kidogo."

Kicheko kikakatika. Festo alivuta kiti karibu na meza, akaanza kuzisoma karatasi zote, polepole. Kwenye bahasha moja ya dawa akasita.

"Degedege? Pendo?"

"Ulikuwa safarini, shemeji. Nilikupigia, simu haikupatikana."

Akamsogezea Bwana Luqmani bahasha ile.

"Andika abaki kwa mama yake."

Machozi yalinitoka. Festo naye alikuwa akitazama sakafu.

"Lakini shemeji," akasema, "akiniuliza mimi ni nani?"

"Nitamwambia, 'Baba yako amekuja.' Njoo Jumapili, tule pamoja. Ila usilete pipi, jino linamsumbua."

"Jino lipi?"

"La chini, huku kushoto," nikasema, nikimwonyesha kwenye shavu langu.