Aliyeanza Kufungua Koki

Maji ya tangi la karakana ya magodoro yalikuwa yananuka, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Hata ng'ombe mwenye kiu ya siku tatu angeyanusa akageuza shingo. Yalikuwa meusi, yana viluwiluwi na majani yaliyooza, lakini yalikuwa mengi, nayo yaliwekwa kwa kazi moja tu, kuzima moto. Karakana ilikuwa jengo la mwisho juu kabisa ya mtaa, mgongo wake umegusana na kilima, na kilima chenyewe kilikuwa kimekauka nyasi na vichaka hadi kileleni. Miaka miwili nyuma moto ulishuka kutoka huko, na maji ya akiba ndiyo yaliyouzuia. Tangu hapo kila nyumba ilikuwa na tangi au pipa lake, na sheria ilikuwa moja: ufe kiu, usiyaguse.

Ufunguo wa kufuli la koki aliuvaa shingoni mwanamke aliyeitwa Sindano. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu mbili. Alikuwa mwembamba wa kupita popote, na hakuna aliyejua kupitisha sindano ndefu ya magodoro kwenye sufi kama yeye. Karakana iliachwa na marehemu mumewe. Iliachwa na mumewe, ndiyo, lakini mwenye sauti alikuwa mdogo wa mumewe, ambaye Sindano alimwita Shemeji mdomoni, na moyoni alimwita majina ambayo hayaandikiki.

Shemeji alikuwa mcheshi. Ndivyo walivyosema watu, hasa wale ambao hakuwahi kuwacheka. Wakija wateja alimnyooshea Sindano kidole na kusema, "Mnamwona huyu? Tunamlisha yeye na kivuli chake, na bado kivuli ndicho kinachonenepa." Wateja walicheka. Sindano naye alicheka, maana usipocheka unaambiwa una kiburi.

Kilichomshika pale kilikuwa vitu viwili. Cha kwanza ni chumba chake cha uani, pahali pekee duniani ambapo angeweza kufunga mlango. Cha pili ni Mama, mama mkwe wake, aliyelala kitandani mwaka wa tatu, miguu imekufa ganzi. Mara tatu kwa siku Sindano alimgeuza asipate vidonda. Alimpitishia mikono chini ya mabega, akamvuta kwenye kifua chake, akamlaza upande wa pili. Godoro lenyewe alilishona yeye, laini kiunoni, gumu kidogo mabegani. Shemeji hakuwahi kujifunza kumgeuza mama yake. Alisema mikono yake ni ya hesabu.

"Wewe si mkwe," Mama alikuwa akimwambia. "Wewe ndiye mkono wangu, mwanangu." Na Sindano alimpenda bibi yule. Lisemwe wazi mapema, ili mtu asije akadhani alikuwa anafanya kazi tu.

Mwaka uliotangulia mvua ya kwanza ilikuja bila kubisha hodi. Ikaingia kwenye tangi ambalo halijasuguliwa, ikachanganyika na uozo, na maji ya msimu mzima hayakufaa hata kuoshea miguu. Mama aliyanywa akaharisha wiki nzima. Maji hayohayo ndiyo yaliyobaki kuwa akiba. Kosa alibebeshwa Sindano, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeweza kupenya kwenye tundu la juu la tangi kwenda kulisugua. Kiangazi cha safari hii kilipofika mwezi wa saba, na boza la maji linapita mara moja kwa wiki kugawa ndoo mbili kwa kila nyumba, Shemeji alimwita mbele ya mama yake.

"Sikia, Sindano. Mwaka huu mvua ikinikuta na uchafu ndani ya tangi, chumba utakihama siku hiyohiyo. Hata godoro la kulalia sitakupa."

"Na nikiyamwaga mapema, moto ukaja?"

"Utayamwaga nikikwambia."

Basi akangoja kuambiwa. Mwezi wa nane ukapita. Nyasi za kilimani zikawa nyeupe, na sufi ikikauka hivyo huruka yenyewe, ikamwingia Sindano puani siku nzima. Siku moja mchana, baada ya chakula, mwanga ndani ya karakana ukabadilika. Sindano alitoka nje na uzi bado uko mdomoni. Nyuma ya kilima yalikuwa yamesimama mawingu, meusi, mazito, na upepo uliotoka huko ulikuwa wa baridi. Mtaa mzima ulitoka. Watu walishangilia kama wanaopokea bi harusi. Fundi Baiskeli, jirani wa nyumba ya pili, alivua shati kabisa akasimama katikati ya njia, tumbo wazi, anangoja kuoga.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Wahenga walikuwa na bahati zao.

Shemeji alikuwa chumbani kwa Mama, ameinamia dirisha linalotazama tangi.

"Sindano! Unaangalia sinema? Fungua koki!"

"Shemeji, na akiba ya moto?"

"Moto gani na mvua iko kichwani? Ikiingia kwenye uchafu huo utanieleza nini? Fungua, nasema!"

Nyuma yake, kitandani, Mama akapaza sauti yake nyembamba: "Fanya anavyosema, mwanangu. Mwaka jana tumbo lilinimaliza."

Sindano alifungua kufuli, akazungusha koki. Maji meusi yakatoka kwa kishindo, yakapita mlangoni, yakateremka mtaani na harufu yake, na watu wakapiga vigelegele. Kumbe walikuwa wanangoja wa kwanza. Walipoona maji ya karakana yanapita, kila mtu akasema kama wenye karakana wamemwaga, wao walioegemea kilima, sisi tunangoja nini? Koki zikafunguliwa mpaka mwisho. Mapipa yakapinduliwa. Robo saa baadaye mtaa mzima ulinuka kama mfereji na haukuwa na akiba hata ya kuzimia kiberiti.

Sindano alikuwa ndani ya tangi na brashi na chumvi. Aliusugua ule utando wa kijani kwa nguvu na kwa furaha, tusimnyime hiyo, maana alijua safari hii hatasemwa. Juu yake aliliona tundu la duara na kipande cha wingu. Tone likamwangukia shavuni. Akalilamba. Likaja la pili, la tatu. Alihesabu saba. Kisha radi ikapiga karibu sana, tangi zima likalia kichwani mwake. Ikapiga tena. Akasimama ndani ya saruji safi, uso ameuinua juu, anangoja la nane.

Halikuja. Ilikuja harufu ya moshi.

Alipotoa kichwa tunduni, kilima kilikuwa kinawaka sehemu mbili, na wingu lenyewe limeshawavuka, linakwenda zake na maji yake. Upepo wake ndio uliobaki. Moto ulishuka haraka kuliko mtu anavyokimbia. Watu walikimbilia kwenye mapipa, wakayakuta makavu, wakasimama na ndoo tupu mkononi.

Sindano hakwenda chumbani kwake. Alikwenda kwa Mama. Alimfunga mgongoni kwa shuka, kama mtoto, na bibi yule akamng'ang'ania shingo hadi ufunguo ukamchoma nyamani. Mlangoni alipishana na Shemeji, anatoka na cherehani kichwani. Hakumshika mama yake hata pindo la shuka.

Moto ulipoingia karakana ulikutana na sufi. Godoro likiwaka hupasuka, na sufi yenye moto huruka mbali. Vipande vilipaa juu ya mapaa, vikaenda kutua kwa majirani kimoja kimoja. Nyumba tisa ziliungua. Fundi Baiskeli alishika fremu za chuma zilizokuwa zinawaka, akidhani ataokoa mbili tatu, na ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye chuma. Gari la zimamoto lilikuja jioni, likamwagia maji majivu.

Chumba cha Mama kilisalia, na chumba cha uani kilisalia pia, vimepoteza mabati kadhaa kila kimoja. Huenda ingekuwa heri kama vingeungua.

Asubuhi yake watu wa mtaa walikusanyika uani kwa karakana. Mama aliletwa kwenye kiti, amefungwa kiunoni asianguke. Mwenyekiti wa mtaa, mwanamke mwenye duka la dawa, alisimama mbele. Pipa lake mwenyewe alilipindua kwa mguu akicheka, lakini hilo hakulitaja.

"Tunataka kujua jambo moja," alisema. "Nani alianza kufungua?"

Macho yote yaligeukia tangi la karakana. Mtu mwenye majivu ya nyumba yake miguuni hawezi kujilaumu siku ya kwanza. Hilo huja baadaye, na kwa wengine haliji kabisa.

"Koki niliifungua mimi," Sindano alisema. "Shemeji aliniagiza."

Shemeji alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni. Aliifanya vizuri sana ile huzuni. "Jamani. Mimi ndiye niliyeweka kufuli. Ningewekaje kufuli halafu niseme fungua? Nilimwambia asiguse. Alikuwa anaogopa kusemwa tu kama mwaka jana."

"Mama alikuwepo," Sindano alisema. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa, kwa sababu alikuwa na shahidi. Akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, waambie. Alisema kupitia dirishani kwako. Na wewe ukasema nifanye anavyosema."

Mama aliutazama uso wa Sindano. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono wake umeshika egemeo.

"Sikusikia kitu," alisema.

"Mama?"

"Masikio yangu, mwanangu. Sikusikia kitu."

Mwenyekiti alisema basi, limekwisha. Mwanamke mmoja akamtemea Sindano mate kwenye gauni. Fundi Baiskeli, viganja vyake vimefungwa vitambaa, alisema angempiga kama angeweza kukunja ngumi. Shemeji akaonyesha huruma. Alimpa mpaka kesho ahame.

Jioni ile Sindano aliingia kumgeuza Mama, kama kawaida. Mikono ina mazoea yake. Alipomvuta kifuani, bibi akamnong'oneza sikioni, haraka, kama mtoto anayetubu kosa la kulamba sukari:

"Nisamehe. Wewe utakwenda, mwanangu. Mimi nitabaki na huyu."

Sindano alimlaza upande wa pili, akamfunika, akatoka. Hakulia. Alikuwa amekasirika kupita pale ambapo machozi hutokea, na zaidi ya hasira aliona aibu, kama aliyekamatwa akiiba kitu kumbe ni chake.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alifunga nguo mbili na sindano yake ndefu kwenye kanga. Alipovuka kizingiti tone zito lilimpiga kichwani. Hakuhesabu. Mvua ilishuka yote kwa mara moja, mvua ya kuzima vilima kumi, ikaanguka juu ya mtaa ambao haukuwa na cha kuzimwa. Mabati yaliyobaki yalilia. Maji yakakusanya majivu ya nyumba tisa yakateremka nayo njiani, meusi kuliko yale ya tangi.

Na tangi lilikuwa linajaa. Shemeji alikuwa juu yake, amelowa, anaelekeza mfereji wa bati kwenye tundu kwa mikono yake ya hesabu. Alimwona Sindano akipita, na ucheshi wake ukamrudia.

"Umelisugua vizuri, Sindano! Maji meupe pe! Chukua kikombe, unywe kidogo kabla hujaondoka!"

Sindano hakugeuka. Alikuwa amefika penye kibanda cha Fundi Baiskeli, paa limekwisha, nguzo nne zimesimama, na Fundi ameketi katikati yake akinyeshewa na viganja vyake amevificha kwapani. Hapo ndipo sauti ilipotoka juu ya mtaa.

"Mwanangu! Mwanangu, njoo! Paa linavuja!"

Mabati yaliyokosekana yalikuwa juu ya kitanda chenyewe. Sindano alijua ni mangapi na yalikuwa upande gani. Alijua pia kwamba godoro lile likishiba maji linakuwa zito kama maiti, na kwamba aliyelala juu yake hawezi kusogea hata shibiri moja. Kule juu ya tangi, Shemeji alikuwa anapiga kelele kwa furaha na hakusikia lolote, au hakutaka.

"Mwanangu! Maji! Yananiingia usoni!"

Fundi Baiskeli aliinua kichwa. Chuki yake ya jana ilikuwa imelowa kidogo.

"Sindano," alisema, "unaitwa. Mama yako anakuita. Husikii?"

Alisimama. Magoti yake yalishageuka kuelekea juu, na mikono ilishaanza kufungua fundo la kanga, yenyewe, bila kumuuliza. Alilikaza tena fundo.

"Sikusikia kitu," alisema.

Akateremka na maji ya majivu yanampita miguuni. Sauti iliita mara nyingi, ikawa nyembamba, ikakohoa, ikaita tena. Alisikia vizuri kila neno mpaka alipofika barabara kubwa.